Kaa la Moto Nililolificha Chini ya Kaniki

Wenzangu, mimi nimeaibika mara nyingi katika maisha yangu (nimewahi kusinzia kanisani nikaanguka kutoka kwenye benchi, wengine mlikuwepo na mlicheka), lakini aibu ya kweli, ile ambayo mtu ukiikumbuka peke yako jikoni unajikuta umefunika uso kwa mikono ingawa hakuna anayekutazama, ninayo moja tu, nayo ni ya siku niliyochoma nyasi za mama mkwe na kumwangusha baba mkwe chini, yote mawili kabla ya saa nne asubuhi. Nimeamua kuisimulia mwenyewe kwa sababu nimechoka kuisikia kwa watu imeongezwa chumvi. Kwa mfano, hakukuwa na nyati. Sijui nyati aliingiaje katika habari hii.

Ilikuwa miaka ya hamsini, Mwingereza bado yupo, nami nilikuwa nimeolewa miezi mitatu tu, hapahapa kwetu Isongole chini ya Mlima Rungwe. Sasa, nyinyi mlioolewa huku mkitokea Iringa na kwingineko, lazima kwanza niwaambie jambo moja la sisi Wanyakyusa, maana bila hilo mtaniona nilikuwa mwendawazimu tu. Kwetu mkamwana, yaani mke wa mwana, na baba mkwe hawaonani. Si kwamba wanachukiana, la, ni heshima. Ukisikia anakuja unaacha njia, unaingia majanini, unachuchumaa umempa mgongo na kichwa umekifunika, mpaka apite. Humwiti jina, husemi naye, humtazami usoni. Waliobatizwa walikuwa wameanza kulegeza kidogo, lakini baba mkwe wangu hakuwa mtu wa kulegeza kitu, na mama yangu alinifundisha kujificha vizuri sana kabla sijaondoka nyumbani, pengine vizuri kupita kiasi, kama mtakavyoona.

Jambo la pili ni moto. Viberiti vilikuwepo, lakini havikuwa vitu vya kuchezea, kwa hiyo moto wa nyumbani ulilelewa. Jioni unasukuma gogo nene mekoni, unalifunika majivu, asubuhi unafukua, unapuliza, maisha yanaendelea. Moto ukikuzimikia unaweza kwenda kuomba kwa jirani, hakuna sheria inayokataza, ila kwa mke mgeni ilikuwa kama kutembea na tangazo kichwani. Watu walikuwa wanasema, huyu moto umemshinda, watoto atawaweza?

Siku yenyewe ilikuwa siku ya kuezeka nyumba ya mama mkwe. Paa la zamani lilikuwa limeshushwa jana yake, nyumba imebaki mianzi mitupu, unasimama ndani unaona mawingu. Nyasi mpya tulikuwa tumezikata wanawake watano kwa wiki mbili nzima, tumezifunga miganda, tumezilundika kando ya njia hatua chache kutoka kwenye nyumba. Lilikuwa lundo refu kunipita mimi. Na nyasi nyingine hazikuwepo, kwa maana zile za mbali zilikuwa zimeshaliwa na ng'ombe au zimechomwa na wawindaji wa panya, na mvua zilibakiza wiki mbili au tatu. Lundo lile likipotea, mama mkwe angepokea mvua za kwanza akiwa amelala chini ya mawingu. Kila mtu alijua hivyo, nami nilijua zaidi kwa sababu mikono yangu ilikuwa bado na majeraha ya nyasi zile.

Kazi yangu siku hiyo ilikuwa moja, kupika. Ndizi na maharage kwa wanaume kumi na tano. Mama mkwe alinichagua mimi mbele ya wanawake wote, nikatembea siku mbili kifua mbele.

Basi usiku wa kuamkia siku hiyo nilikuwa nimeshajilaza nikakumbuka kwamba gogo la kulaza moto liko nje. Isongole kuna baridi, nyinyi mnaijua. Karibu na meko kulikuwa na vijiti vyembamba, nikavisukuma kwa mguu (kwa mguu, jamani, hata sikuinuka), nikajiambia vijiti vinatosha, nikalala usingizi wa pono.

Alfajiri nikafukua majivu. Baridi. Nikafukua mpaka kwenye udongo, nikapuliza mpaka nikaona nyota, cheche hata moja hakuna. Kiberiti sikuwa nacho, na hapo kuna aibu ndogo ndani ya aibu kubwa, kwa sababu wiki iliyotangulia Mzee Shomari alikuwa amepita na baiskeli yake. Mzee Shomari alikuwa Mswahili wa Iringa mjini, babu zake watu wa pwani, alizunguka milimani kwetu akiuza chumvi, sindano, shanga na viberiti, na mume wangu Ambilikile alikuwa ameniambia chukua kiberiti, nami nikachukua kioo. Asubuhi ile nilijitazama kwenye kioo hicho, nikaona nina majivu puani.

Jirani yangu wa karibu alikuwa Mama Anyimike, hatua thelathini, moto wake unawaka naona moshi. Mama mwema sana. Lakini ukimwomba chumvi jua linachomoza, kabla umande haujakauka ng'ambo ya mto wanajua kwamba nyumba yako haina chumvi. Nikafikiri nifanyeje, nikaamua niende kwa rafiki yangu Lugano, ng'ambo ya bonde, mbali, lakini kwa Lugano siri inakaa. Huo ndio uamuzi wangu mdogo. Ningekwenda hatua thelathini, watu wangenicheka siku mbili wakachoka, na leo ningekuwa sina la kuwasimulia.

Lugano aliponiona nahema mlangoni na mikono mitupu alielewa bila kuuliza. Akachagua kaa moja kubwa la mti mgumu, jekundu mpaka ndani, akalilaza katika chungu cha zamani juu ya majivu, akatafuta kifuniko. Mimi nikamwambia chungu sitaki. Chungu nitakibeba kichwani kila mtu atakiona, nipe kigae tu, kigae nitakificha. Lugano alikuwa mkubwa kwangu kwa mwaka mmoja na akili miaka kumi. Akaniambia, "Moto haubebwi kwa aibu, dada. Beba chungu, wacheke wamalize."

Nikabeba kigae. Kipande cha chungu kilichopasuka, kaa limekaa juu yake na majivu kidogo ya kudanganyia, na nguo yangu ya kujitandia (nilikuwa na kaniki mbili, moja nimevaa, moja nimejitanda) nikaishusha upande mmoja ikafunika mkono wangu. Kwa mbali ungesema nimeumia kiwiko. Moto chini ya nguo, mwilini mwangu mwenyewe, halafu nikaona nimetumia akili.

Nilirudi kwa njia ya mkato inayopita kwenye nyasi ndefu na kutokea pale penye lundo letu. Jua lilikuwa limepanda, umande umekauka, na upepo ulikuwa unashuka kutoka mlimani. Nilishaliona lundo, nilishawasikia waezekaji wakiitana juu ya mianzi, nikaanza kujisifu moyoni, ndipo mbele yangu kwenye kona nikasikia kengele ya baiskeli, na baada ya kengele, sauti ya baba mkwe.

Mguu wangu haukungoja ruhusa. Kabla sijafikiri nilikuwa nje ya njia, ndani ya nyasi, nimechuchumaa, mgongo nimewapa, nguo kichwani. Kwa kawaida mkamwana hujificha nusu, yaani mkwe akuone kwamba umejificha, apite haraka, kila mtu aendelee na shughuli zake. Mimi kwa ajili ya kile kigae nilijificha kabisa, hata sungura asingenikuta. Mkono ulikuwa umeanza kuungua, nikakiweka kigae chini kando yangu, taratibu, nikasema moyoni ni kitambo kidogo tu, watapita.

Hawakupita. Mnyororo wa baiskeli ya Mzee Shomari ulichomoka palepale. Wakasimama, hatua nane hivi kutoka nilipo, baba mkwe akakaa juu ya jiwe, akatoa ugoro, na wakaanza mazungumzo kwa Kiswahili (baba mkwe alijifunza lugha hiyo Lupa alikokwenda kuchimba dhahabu ujanani, na koti lake jeusi alilinunua hukohuko, hakuwa akilivua hata wakati wa jua). Mimi nilikuwa nimesoma kidogo kwa wamisionari, kwa hiyo nilielewa kila neno, na afadhali nisingeelewa.

Kwa sababu walikuwa wanazungumza habari za moto. Mzee Shomari alikuwa anaeleza kwamba alipopita Ilula alikuta watu wanalia, nyumba imeteketea, mwenyewe alikuwa ametundika kibatari karibu na paa la nyasi akalala. Baba mkwe akasikitika, akavuta ugoro, akapiga chafya, akasema hao ni watu wasiofundishwa, mtu mzima na akili zake anawekaje moto kwenye nyasi. Mzee Shomari akasema ndiyo hivyo bwana, wapo. Baba mkwe akasema kwake hapa haiwezekani.

Nikageuza macho kwenye kigae. Kilikuwa kimeinama. Kaa halikuwepo.

Lilikuwa limeviringika kwenye nyasi, na uzi mwembamba wa moshi ulikuwa unapanda. Nikautemea mate. Mate ya mtu mwenye hofu ni machache, nawaambieni, hayatoshi hata kulowesha kidole. Nikachota udongo kwa kucha, udongo mkavu, mgumu, nikapata kiasi cha kijiko. Nikavua nguo ya kujitandia nikaubana moto kwa nguo, nikakaa juu yake. Ndiyo, nilikaa. Nikainuka upesi kuliko nilivyokaa. Nguo ikatoboka tundu la ukubwa wa sahani, na moto, badala ya kufa, ukahamia kwenye nyasi za pembeni ukaanza kula kwa sauti ndogo.

Pale njiani nikasikia Mzee Shomari ananusa. Akasema anasikia harufu ya moshi. Nikasema afadhali, watageuka, wataona wenyewe, nami sitasema neno. Ndipo baba mkwe akajibu kwa sauti ya mtu aliyeshiba, "Huo moshi wa jiko la mkamwana wangu. Tangu alfajiri anapikia watu. Mke wa mwanangu si mvivu yule."

Nilitaka ardhi ipasuke. Miezi mitatu nilikuwa najiuliza kama mzee yule ananithamini, na hakuna njia ya kujua maana hatusemi naye, na siku ninapozisikia sifa zangu kwa masikio yangu, nimechuchumaa na matako yameungua, nachoma shamba lake.

Nikafikiri, kumwita siwezi, kumtokea siwezi, lakini kutupa kitu hakuna aliyenikataza. Nikaokota bonge la udongo, nikalenga baiskeli, kusudi igonge kengele wageuke. Mimi mkono wangu haujawahi kulenga kitu tangu nizaliwe. Bonge likapita baiskeli kwa mbali, likampiga baba mkwe kofia, kofia ikaanguka. Kisha nikamsikia akisema, tumbili wa huku mlimani hawana adabu siku hizi, akaokota kofia akaipangusa, wakarudi kwenye mnyororo.

Upepo ukaja mwingine. Moto ukasimama urefu wa magoti, ukageukia upande wa lundo. Kati ya moto na lundo zilibaki hatua kumi, zote nyasi kavu. Nikaona nyumba ya mama mkwe ilivyo mianzi mitupu, nikaona mvua inaingia, nikamwona mama yule aliyenichagua mbele ya watu amekaa na kibakuli anakinga maji juu ya kitanda. Hapo ndipo nilipotambua kwamba aibu niliyoificha kwa jirani, nikaificha kwa rafiki, nikaificha chini ya kaniki, sasa itateketeza nyumba ya mtu. Nikasimama.

Lakini, na hapa ndipo watu huwa wanaanza kuongeza nyati, kwa kuwa nilikuwa nimelelewa, sikutoka mbele. Nilitoka kinyumenyume. Nilijifunika nguo kichwani, ile yenye tundu, tundu likakaa juu ya jicho moja, na nikaanza kurudi nyuma mbio kuelekea njiani nikiwa nimewapa mgongo wazee wawili, ninapiga kelele bila maneno, kwa sababu nilihesabu kwamba kelele isiyo na maneno si kusema. Wazia wewe umekaa juu ya jiwe unavuta ugoro, majani yanapasuka, na kinatoka kitu cheusi kisicho na uso, kinakujia kwa nyuma kinafuka moshi. Baba mkwe aliinuka. Nami nikamfikia akiwa nusu amesimama, nusu ameketi. Tulianguka wote. Koti, kofia, kopo la ugoro, baiskeli, mimi juu, nguo imenitoka kichwani na nimemgeukia. Ugoro ukatuingia puani, tukapiga chafya pamoja, mkwe na mkamwana, mara tatu, uso kwa uso.

Nikasema, "Tata, moto. Nyasi za mama."

Maneno matano, na tata kwetu ni baba. Ndiyo maneno ya kwanza niliyomwambia baba mkwe wangu maishani.

Akageuka, akaona. Mzee yule hakuuliza mimi ni nani wala nimetokea wapi. Alivua koti lake, akalitumbukiza kwenye mfereji wa maji unaopita kando ya njia, akaingia kwenye moto akaanza kuupiga. Mimi nikavunja tawi bichi nikamfuata. Na hapo, wenzangu, adabu yote niliyofundishwa na mama yangu iliniisha kama maji kwenye tenga, kwa sababu nilianza kumwamuru. Nilimwambia si huko, huku. Nilimwambia piga chini usipige juu, unazirusha cheche. Nilimwambia (jamani) hebu ondoka hapo wewe mzee utaungua. Naye akaondoka. Mzee Shomari alikuwa anakokota baiskeli na mzigo wake wote mbali na moto, nami nikaja kuelewa baadaye kwa nini alikuwa anakimbia vile, mzigoni mle mlikuwa na viberiti dazeni nzima.

Waezekaji wakaruka kutoka juu ya mianzi. Wengine wakashika majembe wakafyeka na kukwangua ardhi kati ya moto na lundo, kipande cha upana wa mwanamume aliyelala, udongo mtupu, wengine wakakata migomba wakaja na magome yake yanachuruzika maji, wanawake wakaunda mstari wanavuta miganda kuipeleka upande wa pili wa njia. Moto ulifika kwenye ule udongo mtupu, ukasimama, ukatafuta pa kupita. Cheche zikaruka hata hivyo, sehemu ya mbele ya lundo ikashika, tukaivuta ikaungulia njiani. Kisha ukafa. Tulikuwa tumepoteza miganda ishirini hivi, na mingine yote ilikuwa salama.

Mnadhani yaliishia hapo? Watu walipopumua ndipo walipoanza kutazama. Wakanitazama mimi, kichwa wazi, nguo tundu, nimesimama bega kwa bega na baba mkwe wangu. Wakamtazama yeye ameshika kola ya koti, kola tu. Mama Anyimike (bila shaka alikuwepo) akaweka mkono mdomoni. Baba mkwe akaligundua jambo wakati mmoja na mimi, akageuka akaenda zake, nami nikakimbilia nyuma ya nyumba isiyo na paa nikajificha, na nyumba isiyo na paa ndiyo hiyo, hata kuta zake ni mianzi unaona mpaka ng'ambo, kwa hiyo nilijificha huku watu wote wananiangalia.

Mama mkwe alinifuata. Nilimweleza kila kitu, gogo, vijiti, jirani, chungu, kigae. Nililia mpaka kwikwi. Yeye akasikiliza mpaka mwisho, akatazama kule njiani ambako ile miganda ilikuwa bado inafuka, akaniambia, "Sasa moto si umeupata? Nenda kachukue, ukapike. Watu wana njaa."

Nikaenda kuchukua makaa kwenye maafa yangu mwenyewe, safari hii katika chungu, na kifuniko, kichwani, mbele ya kila mtu. Ndizi ziliiva saa nane. Watu walicheka mpaka wakashindwa kutafuna.

Lakini baba mdogo wa mume wangu hakucheka. Alikuwa mtu wa mila, na alipomaliza kula alitangaza kwamba mambo haya hayapiti hivihivi. Mkamwana amemgusa mkwe, amemtazama, amemsemesha, tena amemwamuru. Akasema nirudishwe kwa wazazi wangu, nikae huko mpaka wanilete na ng'ombe dume wa kusafisha jambo hili, na kwetu walikuwa na ng'ombe dume mmoja tu, nilijua hawatamtoa leo wala kesho. Ambilikile wangu alikaa anachora chini kwa kijiti. Mimi nilikuwa nyuma ya lundo nasikia. Kioo kile nilishakisahau, aibu yenyewe nilishaisahau, nilikuwa nafikiria tu kwamba nyumba yangu ya miezi mitatu imekwisha.

Wakatuma mtu kumwita baba mkwe aje aseme alivyokosewa, kwa kuwa yeye ndiye mwenye haki. Akaja. Bila koti alionekana mwembamba, sikujua kwamba ni mwembamba vile. Aliposikia kwamba mimi niko nyuma ya lundo alisimama amelipa lundo mgongo, kwa adabu zote, akamsikiliza ndugu yake mpaka mwisho. Kisha akasema kwa Kinyakyusa, polepole, "Mimi sikuona mtu. Niliona moto."

Ndugu yake akamwambia, lakini kaka, watu wote wameona. Baba mkwe akasema basi watu wote wadaiwe ng'ombe. Akamwuliza Mzee Shomari, mgeni wetu, wewe uliona mtu? Mzee Shomari, Mungu amrehemu, akaweka mkono kifuani akasema na yeye aliona moto tu, na tumbili. (Miaka mingi baadaye aliniambia aliniona vizuri mno na hajawahi kuona kitu kama kile kuanzia Iringa mpaka Igawa.) Baba mdogo akainuka, jambo likaisha. Nami nyuma ya lundo nikauma nguo nisisikike, kwa sababu safari hii kilio kilikuwa cha furaha, nami nikisikika nitakuwa mtu tena, si moto.

Kabla ya kuondoka baba mkwe aliongeza neno moja, kwamba kuanzia siku ile, katika kijiji chake, mwenye moto mkononi haachi njia kwa mtu yeyote. Wenye heshima zao ndio watakaompisha. Wengine walidhani ni utani wa mzee aliyeunguliwa na koti.

Nyumba iliezekwa. Ile miganda ishirini iliyopungua Mama Anyimike alikwenda nyumba kwa nyumba akaikusanya mmoja mmoja kutoka akiba za watu kwa siku moja, na hapo nilimwelewa, mdomo ule uliotangaza chumvi ya watu ulijua pia kutangaza shida ya mtu. Mvua za kwanza zilimkuta mama mkwe amelala mahali pakavu. Baada ya mavuno Ambilikile alikwenda Mbeya kununua koti jingine, la kahawia, baba yake akalipokea, akalivaa, na mpaka anakufa alikuwa akisema si zito kama lile.

Mimi na yeye tulirudia kutoonana kama kawaida, na kusema kweli nilifurahi kurudia, maana nilikuwa sijui ningemtazama kwa macho gani. Kisha ikatokea siku moja, mvua zimeshaanza, moto ukanizimikia tena. Safari hii nilikwenda hatua zangu thelathini kwa Mama Anyimike, akanicheka, akanipa, nikarudi na chungu kichwani kimefunikwa. Kwenye kona nikakutana naye, baba mkwe, na koti lake jipya. Miguu yangu ikataka kuruka majanini kama ilivyofundishwa. Lakini mzee alikuwa mwepesi kuliko mimi. Aliacha njia, akaingia kwenye nyasi zilizolowa mpaka kiunoni, akachuchumaa, mtu mzima na mvi zake, akanipa mgongo, akavuta kofia ikafunika macho, akangoja.

Nikapita. Nilitembea polepole, chungu kimetulia kichwani, na machozi yananitiririka mpaka shingoni, hata nilipofika nyumbani nilishindwa kupuliza moto, mume wangu ndiye aliyepuliza.

Sijaweka moto kwenye nyasi tangu siku ile, wala sijaulaza kwa vijiti, na aje askofu, aje mkuu wa wilaya, mimi nikiwa nimebeba moto wataniwia radhi, wao ndio watakaonipisha.